Bukama, Mahali Reli Ilipoyakuta Maji



Mwaka 1918 uliiletea Katanga mambo mawili kwa njia moja. La kwanza ni reli yenyewe. Ilikuwa imeingia kutoka kusini, ikavuka mpaka penye Sakania, ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikasogea hadi Kambove mwaka 1913. Na katika mwaka huo wa 1918 ikafika Bukama, ukingoni mwa mto Lualaba. La pili ni homa ya mafua iliyoikumba dunia nzima vita vikuu vilipokuwa vikielekea mwisho. Wenye kukadiria husema iliua watu wasiopungua milioni 20, na wengine hufikisha milioni 50. Homa hiyo ilishuka melini huko Cape Town mwezi Septemba. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imekwisha kuingia Katanga, nayo haikuja kwa miguu: ilipanda gari-moshi pamoja na abiria.

Twaanzia hapo kwa sababu swali tunalotaka kulitafakari limezaliwa hapo. Mji unapopangwa, viwanja vikapimwa na barabara zikachorwa, je, mpango huo waweza kuwalinda wakazi siku maradhi yatakapoingia? Historia ya nchi yetu imelijibu swali hili zaidi ya mara moja, na jibu la kwanza lilikuwa baya.

Tazameni kwanza jinsi Bukama ilivyokaa. Juu ya Bukama mto una maporomoko. Chini yake unatulia, unapita katika bonde la Upemba lenye maziwa na mafunjo, kando ya ziwa Kisale, na vyombo vyaweza kuteremka hadi Kongolo, safari ya zaidi ya kilometa 600. Kabla ya Kongolo ipo Kabalo, na kutoka Kabalo reli nyingine ilikuwa imefika ziwa Tanganyika mwaka 1915, mahali tunapopaita Kalemie. Ng'ambo ya ziwa ipo Kigoma, ambako reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilimalizika mwaka 1914. Basi mtu aliyesimama Bukama mwaka 1918 aliweza kwenda Cape Town kwa upande mmoja na Bahari ya Hindi kwa upande wa pili, asitembee ila hatua za kutoka stesheni hadi gatini. Miaka kumi baadaye, mwaka 1928, reli iliunganishwa kupitia Kamina hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo, na mlango wa tatu ukafunguka.

Watu wengine hudhani kwamba kabla ya reli hapakuwa na kitu. Si kweli. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu tangu miaka ya 1950, yameonyesha kwamba watu walikaa kwa wingi pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakivua, wakifua chuma na kufanya biashara. Kukaa karibu na maji si kosa la watu wa leo. Kipya ni mwendo: gari-moshi liliyapa maradhi kasi ambayo mtumbwi haukuwa nayo.

Sasa tuone jibu la kwanza. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross alikuwa amethibitisha huko India kwamba mbu ndiye abebaye vijidudu vya malaria. Ugunduzi huo ulikuwa neema kwa wanadamu wote, lakini watawala wa Afrika waliusoma kwa jicho lao. Walisema: mbu huuma Mwafrika, kisha huruka na kumuuma Mzungu, basi tumweke Mwafrika mbali kuliko mbu awezavyo kuruka. Huko Freetown, mwaka 1904, Wazungu walihamia mlimani. Dar es Salaam ikaachiwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja kati ya mitaa. Elisabethville nayo ilipata ukanda wa mamia ya mita usiojengwa, na ng'ambo yake, mwaka 1921, ukapangwa mtaa wa Waafrika ulioitwa kwa jina la mfalme Albert, ndio Kamalondo ya leo. Léopoldville ikaweka kati ya Kalina na mitaa ya wenyeji uwanja wa golfu, bustani ya mimea na bustani ya wanyama. Ukanda huo uliitwa wa afya. Nairobi walifanya vibaya zaidi: tauni ilipoingia mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto.

Lililo la ajabu katika mpango huu ni kwamba haukufuatwa hata na waliouchora. Jioni, nyuma ya nyumba za Wazungu wa Elisabethville, wapishi na watumishi walilala katika vibanda vya uani. Ilikuwa lazima walale karibu ili chai iwe tayari asubuhi. Mbu hakuwa na haja ya kuvuka ukanda. Alivuka ua tu. Umbali ulikuwa wa kuwatenga watu, na afya ilikuwa kisingizio chake. Hata pale ambapo nia ilikuwa safi, ukanda haukuondoa dimbwi hata moja huko upande wa pili. Maradhi yaliachwa yalipokuwa, yakiwa na watu wale wale.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka kwamba sheria ya Musa inayajua mawazo yote mawili. Katika Walawi 13 mwenye ukoma anatolewa nje ya kambi, akae peke yake. Katika Kumbukumbu la Torati 23 kila askari anaagizwa awe na chombo cha kuchimbia, ili afukie uchafu wake mbali na mahali watu wanapolala. Sheria ya kwanza inamwondoa mtu. Ya pili inauondoa uchafu, na mtu anabaki na wenzake. Watawala wa miji yetu waliipenda ile ya kwanza.

Jibu la pili lilitoka mahali ambapo hatukulitarajia, yaani katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Miaka ya mwanzo ya kambi hizo ilikuwa ya vifo vingi: nimonia, kuhara damu, homa ya matumbo, kisha ile mafua. Watu waliletwa kutoka mbali, wakalazwa wengi katika nyumba moja, wakanywa maji ya mtaro. Mwaka 1923 madaktari wawili waliofanya kazi Katanga, A. Pearson na R. Mouchet, walitoa kitabu juu ya usafi wa kambi hizo, ambamo waliandika waliyojifunza katika miaka 18. Tukikisoma kitabu chao leo, lugha yake juu ya Waafrika inatuchoma. Lakini mambo waliyojishughulisha nayo ni yale yale ambayo mpangaji wa mji hujishughulisha nayo hata leo: nyumba ikae wapi, iwe na hewa kiasi gani, choo kiwe wapi, maji yatoke wapi. Hawakuwa wanauliza tu jinsi ya kumweka mgonjwa mbali. Waliuliza ni kitu gani mahali pale kinachomwua.

Hatutaki kuipamba kampuni ya Union Minière. Mfanyakazi aliyekufa alikuwa hasara kwa waliomsafirisha, na hasara ndiyo iliyowafungua macho. Ilipofika mwaka 1928 kampuni ilikuwa imeshika siasa ya kuwaandika watu kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwaacha waje na wake na watoto wao. Kambi zikawa na nyumba za familia, zahanati na shule. Vifo vilipungua. Watu walilipia kupungua huko kwa kuishi chini ya jicho la msimamizi, aliyejua nani amelala wapi na nani amekunywa nini. Tunayataja haya ili kijana asije akadhani kwamba mpango mzuri wa nyumba ni kitu cha upole siku zote.

Turudi Bukama, maana hapa ndipo jambo linapotugusa.

Mwaka 1961 wimbi la saba la kipindupindu lilianza Indonesia. Mwaka 1970 lilifika Afrika, na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 likaingia nchini mwetu. Mahali pengine lilipita. Katika nchi ya maziwa halikupita; lilikaa. Mwaka 2008 daktari Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wote walioandikwa Katanga na Kasai ya Mashariki tangu 2000 hadi 2005. Walikuta kwamba milipuko ilianzia kwenye maziwa, kisha ikasafiri, na wakasema wazi kwamba njia iliyokuwa ikitumiwa kupambana nayo haikutosha. Bonde la Upemba, na Bukama pembeni yake, ni mojawapo ya mahali ambapo ugonjwa hulala kati ya mlipuko na mlipuko. Wavuvi huishi kwa miezi katika kambi za majini, wengine juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea, ambako hakuna mahali pa kuchimba choo wala maji mengine isipokuwa yale yale. Samaki hukaushwa, hupakiwa, hupanda gari-moshi au lori kuelekea Likasi na Lubumbashi. Mchuuzi huenda nao. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Likasi na Lubumbashi zililia kwa kipindupindu.

Hapo ndipo sisi tunapoona kosa ambalo limedumu. Ugonjwa ukifika mji mkubwa, mahema hupigwa, dawa ya klorini hufika kwa magari, wakubwa huja na wapiga picha. Ukitulia, kila mtu anarudi kwake, na bandari ndogo ya mto inabaki na visima vyake vya jana. Huo ni ule ukanda wa Elisabethville katika vazi jipya: tunalinda mahali ambapo maradhi yanaogopwa, hatulindi mahali yanapoanzia. Mtu anayetaka kuilinda Lubumbashi na aanze kupima viwanja Bukama.

Kwa nini viwanja? Twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana hesabu hii ni ndogo nayo inasema mengi. Wanaofanya kazi ya usafi wa maji hushauri kwamba kati ya choo cha shimo na kisima ziwepo angalau mita 30, na kwamba sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Sasa chukueni kiwanja, au lupango kama tusemavyo nyumbani, cha mita 20 kwa 25. Kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea ni mita 32. Basi mwenye kiwanja aweza kutii: kisima mbele kuume, choo nyuma kushoto. Jirani yake wa kuume naye ametii vile vile, kisima mbele kuume, choo nyuma kushoto. Lakini pembe ya nyuma kushoto ya jirani ndiyo pembe ya nyuma kuume ya kiwanja cha kwanza, na kutoka hapo hadi kisima cha kwanza ni mita 25 tu. Kila mmoja ametii sheria kwake, na wote wawili wameivunja.

Ipo njia ya kuliponya hilo: majirani wapange viwanja wawili wawili, kimoja kikiwa kama kivuli cha kingine kwenye kioo, visima vikikaribiana na vyoo vikiachana. Yaani ni lazima wakubaliane kabla ya kuchimba. Na hata hivyo, shimo likijaa baada ya miaka kadhaa, la pili litachimbwa wapi? Litachimbwa karibu zaidi, maana pembe ni moja tu. Hivyo hakuna mwenye nyumba, hata awe msafi namna gani, awezaye kuilinda familia yake akiwa peke yake ndani ya ua wake. Jambo hili lina jibu katika ngazi ya mtaa tu: ardhi ya maji ya wote itengwe kabla viwanja havijagawanywa, iwekwe bomba au kisima kirefu kilichofunikwa, na kila mtu aache kuchimba kisima chake. Baada ya kugawanya, kuipata ardhi hiyo ni kubomoa nyumba ya mtu, na hakuna mkuu wa mtaa mwenye moyo huo.

Kwamba maji ya bomba yanaokoa, hilo lilipimwa katika mji wetu mwingine wa ziwani. Huko Uvira watafiti walilinganisha vitabu vya mtambo wa maji na vitabu vya hospitali kwa miaka kadhaa, wakatoa matokeo mwaka 2015. Siku ambayo mtambo haukutoa maji kabisa, ikilinganishwa na siku ya maji ya kutosha, ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote walihesabiwa kuwa wametokana na upungufu wa maji ya bomba. Katika siku zile watu hawakuwa wamesahau usafi wala hawakupungukiwa na mahubiri. Umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, mama akachukua ndoo akaenda ziwani.

Mwaka 2020 ulitupa somo la namna nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi, msafiri aliyetoka Ulaya kwa ndege. Tarehe 6 Aprili wilaya ya Gombe ilifungwa, maana wagonjwa wengi walikuwa huko. Gombe ndiyo Kalina ya zamani, ule upande uliokuwa ukilindwa na uwanja wa golfu. Safari hii ukuta ulijengwa kuwazuia wa ndani wasitoke. Makanisa yalifungwa, masoko yakabanwa, tukaambiwa tunawe mikono na tusikaribiane. Agizo lilikuwa jema kwa mwenye bomba uani na chumba chake mwenyewe. Kwa familia ya watu wanane katika vyumba viwili, inayonunua maji kwa kibuyu cha plastiki, agizo hilo lilitangulia mji ambao haujajengwa. Tukumbuke pia kwamba wakati macho yote yalikuwa juu ya korona, surua iliyoanza kabla yake ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Surua hupita kwa hewa, na nyumba zilizobanana bila madirisha huisaidia.

Tunajua mtaweza kutuambia: sisi ni vijana, hatugawi viwanja, hatuna pampu. Basi sikieni habari ya London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika muda wa siku chache karibu na kisima kimoja cha mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow alisema maji ndiyo yenye sumu, na mpini wa pampu ukaondolewa. Wengi hawakumsadiki. Mmoja wa wasiosadiki alikuwa kasisi msaidizi wa Kianglikana aliyehudumu pale, Henry Whitehead, kijana ambaye hakuwa bado na miaka 30. Akaamua kumkanusha Snow kwa kuwauliza waumini wake nyumba kwa nyumba, wengine mara nne na tano: nani alikufa, lini, alikunywa nini. Kwa kuwa aliwajua, walimwambia yale ambayo wasingemwambia mgeni. Mwisho alimpata mtoto mchanga aliyekuwa ameugua kabla ya wote, katika nyumba namba 40, ambaye nepi zake mama alizifua na maji yake akayamwaga katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Wakachimba. Kutoka shimo hilo hadi kisima haikufika mita moja. Aliyetaka kumshinda daktari ndiye aliyemthibitisha.

Vikundi vyenu vinajua nyumba za mitaa yenu kuliko ofisi yoyote. Siku ya salongo ikifika, pamoja na majembe ya kuzibulia mifereji, chukueni kamba ya mita 30 na daftari. Pimeni kutoka kila kisima hadi choo kilicho karibu, kiwe cha mwenye kisima au cha jirani, mchore ramani, mwoneshe mkuu wa mtaa na muuguzi wa zahanati kabla ya viwanja vipya kutolewa. Ila msifanye hivyo wakati wa kiangazi tu. Mwezi Julai ardhi ya Bukama ni kavu na kila shimo linaonekana kuwa salama. Rudini mwezi Machi, Lualaba ukiwa umejaa, mteremshe kamba kisimani mwone maji yamepanda hadi wapi.